Siku Niliyomlilia Nargisi

"Kirudishe juu! Nasema kirudishe juu, Bi Saadia, kabla sijaikata hiyo kamba!"

"Ikate! Kamba yangu, kikapu changu. Ikate, watu waone."

"Kikapu chako chatafuta nini mbele ya dirisha langu, wiki ya harusi ya mwanangu?"

"Chaleta amana. Mwanangu Ziad amesema vitu vya watu virudi kwa mwenyewe, nami navirudisha. Kosa langu hapo ni lipi?"

"Kosa lako ni hilo koo! Ungalishuka, ukabisha mlango, ukanipa mkononi kama watu. Lakini la, wataka mtaa wote wa Kuze ujue."

"Kuze nzima yajua tangu zamani, mwenzangu. Wewe ndiye wa mwisho."

Mama alivuta pumzi kwa nguvu hata mimi, niliyesimama nyuma ya pazia la chumba, nikaisikia. Kichochoro chetu ni chembamba hivi kwamba mtu akipiga chafya kwao, kwetu twamuombea rehema. Ugomvi wa madirisha mawili hauwezi kuwa wa watu wawili. Jirani wa mkono wa kushoto alikuwa ameshazima redio. Muuza mbaazi alikuwa ametua sufuria yake chini, akijifanya afunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa ndara. Wazee wa barazani walikuwa wamenyamaza kimya, na wazee wale hawanyamazi hata imamu akipita.

Nikachungulia. Kikapu cha Bi Saadia kilikuwa chaning'inia mbele ya dirisha letu, kikizunguka polepole, na ndani yake mulikuwa na bati la biskuti lililoliwa kutu pembeni. Nililijua bati lile.

Ndani ya bati lile mulikuwa na magemu yetu, miaka kumi na sita ya maisha yangu.

Nilikuwa na miaka tisa na Ziad kumi na mmoja, marehemu baba yake alipokuja nalo gemu la kwanza kutoka Kilindini. Alikuwa karani bandarini, na baharia mmoja alimwachia kidude cha kijivu cha kushika mkononi, kioo chake kama dirisha la nyumba ya mwanasesere. Gemu lenyewe lilikuwa na jina refu la Kijapani ambalo hakuna mtu mtaani aliyewahi kulitamka sawasawa. Sisi tuliliita Bendera. Ni kama sataranji: uwanja wa miraba, wewe wasogeza wako, adui asogeza wake. Ila kete za sataranji hazina mama. Hizi zina majina, zina woga, zina mtu zinayemuonea haya. Na katika Bendera ya kwanza, askari akifa amekufa. Hutamuona tena mpaka mwisho wa vita. Tulikuwa tukiketi ngazini kwao, bega kwa bega, na siku tuliyompoteza mpanda farasi wetu Ziad hakula chakula cha mchana.

Kila miaka miwili mitatu likawa laja jengine. Bendera ya tatu ilileta jambo jipya: askari wawili wakipigana ubavu kwa ubavu, vita vikiisha huketi wakazungumza. Mwaka huo ndio niliovaa buibui. Mama akasema ngazini basi, msichana mkubwa haketi na mwana wa watu. Ikawa askari wetu wazungumza, sisi hatuzungumzi.

Hapo ndipo kikapu kilipoanza kazi. Nyumba yao imetuzidi ghorofa moja, na kikapu chao cha kununulia mbaazi kikishuka hupita mbele ya dirisha letu. Ziad alikuwa akicheza uwanja mmoja, akifunika kidude kwa kitambaa, akishusha. Mimi nikicheza uwanja wa pili, nikivuta kamba mara mbili, kikipanda. Hatukuandikiana hata kikaratasi. Hakukuwa na haja. Nilijua kama amekasirika kwa namna alivyowapanga wapiga mishale.

Bendera ya tano ikaleta ndoa. Waliozoeana vitani waliweza kuoana, na watoto wao wakatokea kwenye Bendera ya sita wakitazama kwa mato ya mama na kushika mkuki wa baba. Ziad aliniachia mimi niwaoze wote, nami nikawaoza kwa raha zangu, kama mwanamke mwenye nyumba kubwa na mabinti kumi. Wawili tu hakuniachia. Siku moja kikapu kilishuka, nikafungua, nikakuta mpiga mishale wangu, niliyempa jina Nargisi, ameolewa na askari wa mkuki wa Ziad. Nilikiangalia kile kioo mpaka betri ikazima. Kesho yake tulipishana mlangoni kwa muuza mkate. Yeye akaangalia viatu vyake, mimi nikaangalia viatu vyake. Hayo ndiyo maneno ya mapenzi niliyowahi kuambiwa, na sikutaka mengine.

Kutoka hapo Nargisi alikuwa na binti, na binti akawa na binti, gemu kwa gemu, na wote tuliwaita Nargisi.

Bendera ya sita pia ilileta saa ya mchanga. Ukikosea, waigeuza, vita vyarudi nyuma zamu moja, mbili, tatu, na maiti husimama. Ziad aliipenda saa ile kupita kiasi. Mimi sikuigusa hata siku moja. Na hii ya saba, iliyotoka mwaka jana, haina haja ya kikapu. Kila mtu acheza kwa simu yake, jeshi moja mnaligawana, na sauti ya mwenzio iko sikioni. Baada ya miaka kumi na mmoja nikamsikia Ziad akipumua.

Na hapo ndipo tulipoangamia.

Jumatatu ya juma lililotangulia, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa kwenye godoro la ukumbini, mtandio umenifunika mpaka kidevuni, hedifoni masikioni chini ya mtandio, simu mapajani chini ya leso. Jeshi letu lilikuwa darajani. Ngoma za vita zanipasua kichwa. Nikamsogeza Nargisi mraba mmoja mbele zaidi kuliko ilivyofaa, na wapanda farasi wakamfikia. Akafa. Kizazi cha tatu, mtoto wa mtoto wa yule wa kikapuni, akapiga goti na kioo kikawa cheusi. Nikalia. Nilipoinua kichwa, ami yangu Muhdhar alikuwa ameketi mbele yangu na kanzu yake nyeupe, ananiangalia kwa huruma, na mama akainama akanibusu utosini. Nikadhani wananihurumia.

Kesho yake halua ikaja, sinia tatu. Ndipo nilipojua kuwa nimeposwa na Ubaid wa Makadara, na kwamba nimekubali. Ami alikuwa ameniuliza mara mbili. Nami niliinamisha kichwa, nikanyamaza, nikatoa machozi, kama anavyofanya msichana aliyelelewa vizuri. Kwetu msichana hasemi naam. Kunyamaza kwake ndiyo naam yake.

"Sikusikia, mama," nilimwambia. "Wallahi sikusikia."

"Utamwambia nini amiyo? Kuwa ulikuwa wacheza na mwana wa watu chini ya leso, huku yeye ami akikuzungumzisha mambo ya maisha yako? Ameshatoa neno kwa watu, Hadeel. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nikamngoja Ziad. Nilimtumia jumbe siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakujibu. Nikasema amekasirika kwa ajili ya Nargisi. Nikaona aibu kulia kwa mtu aliyeninunia kwa sababu ya gemu. Siku tisa zikapita hivyo, na leo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa ndiyo nikaha, na wanawake wa kina Ubaid walikuwa waja kula chakula cha mchana na kunipima kanzu.

"Mwanao alitakiwa aje mwenyewe," mama alikuwa asema dirishani, sauti sasa imeshuka, na sauti ya mama ikishuka ndiyo ya kuogopwa. "Kama ana amana za watu aje, asimtume mamake na kikapu."

"Mwanangu hana wakati. Mwanangu yuwasafiri leo."

"Asafiri. Kwa heri."

"Maskati! Miaka mitatu! Kazi aliyoikataa mara mbili, Khairiya, mara mbili, kwa ajili ya dirisha hili lako! Na jioni ile ile ya posa akawapigia simu akasema naja." Bi Saadia sasa alikuwa alia, na analia kwa hasira, akiivuta kamba ile kama ashika farasi. "Mwanangu amekonda. Usingizi hapati. Kwani yeye kiziwi? Alisikia kwa masikio yake Muhdhar akimuuliza, na bintiyo akikubali!"

"Alisikia wapi?"

"Simuni! Si walikuwa pamoja!"

Kichochoro kizima kikashusha pumzi. Muuza mbaazi akaacha kujifanya. Mama aligeuka taratibu akaniangalia, na uso wake ulikuwa hauna rangi.

Mimi sikuwa nikimuangalia mama. Nilikuwa nimekaa na neno moja. Alisikia. Ziad alisikia. Simu yangu ilichukua sauti ya ami ikampelekea yeye, na mimi niliyeulizwa nikapelekewa ngoma.

Sikumbuki ngazi. Najua tu kwamba nilifika chini miguu mitupu, na mtandio nimeushika kwa meno, na Ziad alikuwa atoka mlangoni kwao na sanduku jipya. Shati lake limempwaya. Alinyanyua uso. Siku tisa sikuwa nimeyaona mato yale, na kabla ya hapo miaka mingi nilikuwa nikiyaona kwa kuiba tu, na sasa yalinitazama wazi, mchana, mbele ya watu, na yalikuwa mekundu.

"Ulisikia nini?" nikamuuliza.

"Hadeel, watu."

"Watu wameshasikia yote. Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia amiyo akitaja jina la Ubaid. Akauliza, mwanangu waridhika? Akauliza tena." Akahamisha sanduku mkono wa pili. "Nikangoja. Nikasema sasa hivi atasema la. Nikahisabu mpaka ishirini. Kisha nikasikia walia, na mamako asema alhamdulillahi."

"Ukazima."

"Ningeketi nisikize nini tena? Nisikize tarehe?"

"Sikumsikia, Ziad! Masikioni mulikuwa na ngoma za daraja! Nilikuwa namlilia Nargisi!"

"Nargisi ni nani tena?" akauliza mzee mmoja barazani, na mwenziwe akamwambia, "Nyamaza, mambo yaendelea."

Ziad aliliachia sanduku. Lilianguka kwa ubavu, na hakuna aliyeliokota.

"Hukusikia," akasema.

"Neno moja sikusikia. Nilikutumia jumbe thelathini!"

"Nilizifuta. Sikuzisoma. Niliogopa waniaga."

"Yaani wewe!" Nilitaka kucheka na kumpiga kwa wakati mmoja, na sikuweza lolote kati ya hayo mawili, nikabaki nimeshika ukuta. "Na miaka yote kabla ya hapo? Posa ilikuwa wapi? Nani aliyekuzuia?"

"Nilikuwa namalizia chumba cha juu. Imebaki plasta. Nilitaka nije kila kitu kimekamilika, mamako asipate pa kunishika."

"Wewe huvuki daraja mpaka umehisabu miraba yote, na adui ameshapita!"

"Hadeel!" Mama alikuwa dirishani, nusu ya mwili nje. "Panda juu! Wageni waja saa hii. Ukinivua nguo mbele ya watu usiniite mama tena!"

Mwisho wa kichochoro tuktuk ikapiga honi. Dereva wake, Ngowa, kijana wa Kisauni mwenye kofia ya kitambaa, akajipenyeza kwa miguu maana tuktuk haipiti kwetu. "Bosi Ziad, twende. Kule Makupa njia imefungana, malori yamelala. Ndege haikungoji wewe."

Akatuangalia mmoja mmoja, akavua kofia.

"Nimeshatia saini," Ziad akasema kwa sauti ya chini, kama ajisemea mwenyewe. "Wamelipia tiketi, wamelipia kila kitu. Na wewe Ijumaa..." Akafuta uso kwa kiganja. "Ningalikuwa na ile saa ya mchanga ningaligeuza zamu moja tu. Zamu moja, Hadeel. Nirudi pale nikwambie, vua hedifoni, unaulizwa."

"Haiko."

"Najua haiko."

"Basi usiitaje. Mimi sijapata kuitumia, na leo siianzi." Nikauacha ukuta. "Ijumaa watakuja mashahidi waniulize. Nyumba itakuwa imejaa, wali umepakuliwa, mama amevaa dhahabu. Nikinyamaza tena, nimeolewa. Na nitanyamaza, Ziad. Najijua. Mbele ya wageni mia nitanyamaza. Kama kuna siku naweza kusema ni leo, na wewe waenda Maskati."

Kabla hajajibu, watu wakapisha njia.

Ami Muhdhar alikuwa aja kutoka upande wa msikitini, matikiti mawili kwapani, jasho lamtiririka. Ni mtu mpole, biashara yake ni mbao, na hajapata kuninyanyulia sauti tangu baba alipofariki. Alitoa salamu kwa kila mtu, mlango kwa mlango, kama ilivyo desturi yake. Kisha akaniona miguu mitupu.

"Kuna msiba?"

"Hakuna, Muhdhar, ingia ndani," mama akaita kutoka juu haraka haraka. "Mtoto ameangusha kitu tu."

"Ami," nikasema.

"Naam, mwanangu."

Nilimuangalia Ziad, nikaona ameinamisha kichwa, na mikono yake miwili imeshikana kama mtu asubiri dakitari amwambie habari za mgonjwa. Nikayatoa maneno moja moja.

"Siku ile uliponiuliza, sikukusikia. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Nilikuwa nacheza gemu. Na Ziad. Yale machozi hayakuwa yako, ami. Nilikuwa nalia kwa sababu askari wangu amekufa."

Ami aliyaweka matikiti chini, moja, kisha la pili, akayaweka sawa yasibingirike.

"Askari," akasema.

"Wa kwenye gemu."

"Mimi nimekwenda Makadara," akasema polepole, "nikaketi na watu wazima wenzangu, nikawaambia, binti wa marehemu ndugu yangu ameridhika. Nikawapa mkono. Na wewe ulikuwa walilia askari wa kwenye gemu."

"Naam, ami."

Hakuna aliyecheka. Hata wale wa barazani.

"Ubaid umemuona na kasoro gani?"

"Hana kasoro. Ni mtu mwema. Simjui."

"Vua huo mtandio masikioni."

Nikausogeza nyuma. Upepo ukanipiga masikioni.

"Hakuna kitu humo?"

"Hakuna."

"Nakuuliza mara ya tatu, na mashahidi ni hawa wote. Ubaid bin Salim amekuposa kwa heshima. Waridhika?"

Nikamsikia mama dirishani akisema, "Ya Rabbi," kwa sauti ndogo. Nilijua ninachokivunja. Nilimuona ami na kanzu yake iliyopigwa pasi kwa ajili ya wageni wale, na nilijua ataingia nayo nyumba gani, na kwa uso gani. Machozi yakaja, yale yale, na nikaogopa yasije yakasemwa ndiyo tena. Kwa hivyo nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Siridhiki!"

Jirani akafunga dirisha lake, pengine kwa haya. Ami akatikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu ahisabu.

"Basi nawahi kabla wanawake wao hawajatoka. Nitakwenda nikae pale pale nilipoketi, niseme nilikosea." Akamgeukia Ziad. "Na wewe. Wasikia neno la nyumba ya watu, wanyamaza siku tisa, wakimbilia Maskati. Nyote wawili mwapenda kunyamaza. Una neno?"

"Ninalo, ami. Nataka—"

"Usiniambie mimi, wala usimwambie huyu. Kijana hajiposei njiani na sanduku. Mamako yupo?"

Mamake alikuwapo. Alikuwa ameshashuka, amesimama mlangoni kwao na ile kamba bado mkononi, mato yamemvimba. Akajipiga kifua.

"Mimi? Nikambembeleze huyo? Aliyetaka kunikatia kamba sasa hivi?"

"Mama," Ziad akasema. Hilo tu.

"Amenitukana mbele ya muuza mbaazi!"

"Mama."

Ami Muhdhar hakungoja. Alikwisha kwenda zake, mikono nyuma, na watu wakampisha bila salamu. Nilimtazama mgongo wake mpaka akapinda kona. Juu, mama hakuwako dirishani tena. Mlango wetu wa chini ukafungwa. Nikasikia komeo.

Mama alikuwa amenifungia nje.

Nikaketi kizingitini. Sikuwa na pengine pa kwenda. Kwao siwezi kuingia, kwetu siingizwi, na mbele yangu, hatua tatu, yuko mtu niliyemtaka tangu nina miaka tisa, na baina yetu sanduku. Hakunisogelea. Alijua hapaswi. Alichutama tu pale alipo, upande wa pili wa njia, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Usilie," akasema.

"Nitalia nipendavyo. Leo najua namlilia nani."

"Bosi," Ngowa akasema kwa upole, "mimi sikuharakishi, lakini niseme kitu gani kwa ndege?"

Ziad hakumuangalia. Alikuwa amuangalia mamake.

Bi Saadia aliizungusha ile kamba mkononi, akaiweka chini. Akajifunga mtandio upya, akapangusa uso kwa ncha yake. Kisha akavuka. Ni hatua tatu tu kutoka kwao mpaka kwetu, na alizitembea kama mtu avuka kwa maji ya kiunoni. Akasimama juu yangu, akaushika mlango wetu kwa kiganja.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, Khairiya."

Ndani palisikika kifuniko cha sufuria, basi. Mtu hapigi hodi ya nne. Tatu zikikosa jibu waondoka na heshima yako, na ilikuwa imebaki moja. Bi Saadia akaniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamuona ameogopa. Nikamshika upindo wa buibui. Hakunitoa mkono.

"Hodi," akasema, na sauti ikamkatika. "Mimi ni mjane kama wewe. Nimekuja kwa miguu yangu."

Tukangoja. Muuza mbaazi naye akangoja. Nilihisabu, kama alivyohisabu Ziad, nikafika kumi na saba, ndipo komeo likalia. Mama alikuwa na aproni, pua nyekundu, mwiko mkononi. Hakuniangalia. Alimuangalia Bi Saadia juu mpaka chini.

"Habari ya posa leo usiitaje. Leo watu wamevunjiwa heshima, na mimi nimevunjiwa. Leo sina masikio ya posa."

"Sitaji."

"Kesho pia usiitaje."

"Sitaji, Khairiya."

"Nina wali wa watu ishirini ndani, na walaji hawaji." Akapangusa pua kwa ncha ya aproni. "Mimi simwagi chakula. Ingia ule. Na mwanao aketi hapo barazani na wazee, atapelekewa sinia. Wewe, Hadeel, kaoshe miguu, waonekana kama kichaa."

Nikanyanyuka. Ziad naye akanyanyuka, na hakuna kati yetu aliyethubutu kutazama mwenziwe.

"Na ndege?" akauliza Ngowa, kofia kifuani.

Mama alimtazama, kisha akalitazama lile sanduku lililolala kwa ubavu njiani, kisha akamtazama Ziad.

"Wewe baba," akamwambia Ngowa, "nenda ukaizime hiyo tuktuk. Kisha uje unawe mikono, ule."